Mwanya, Mlegeo na Matunzo: Uhakiki wa Lugha ya Pikipiki Mpya Milimani Usambara

Pikipiki mpya inapopandishwa kutoka Mombo hadi Lushoto huwa imebeba vitu viwili chini ya kiti chake: kifuko cha spana na kijitabu cha maelekezo. Kifuko cha spana huanza kazi siku ileile. Kijitabu aghalabu hubaki ndani ya nailoni yake hadi pikipiki yenyewe inapochakaa, ama kwa sababu kimeandikwa kwa lugha ambayo mwenye pikipiki haimudu, ama kwa sababu kimefasiriwa kwa Kiswahili ambacho fundi wake hakitambui. Makala haya yanashughulikia hali hii ya pili. Ile ya kwanza ni dhahiri na haihitaji mhakiki.

Tumeichagua Lushoto kwa makusudi. Barabara ya lami itokayo Mombo, ipatayo kilomita 33, hupanda kutoka takriban mita 400 hadi takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na pale Soni ni kona juu ya kona. Zaidi ya hapo, kuelekea Lukozi, Mlalo, Mtae au Bumbuli, sehemu kubwa ya njia za vijijini ni za udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi huwa vumbi jembamba linalopenya kila tundu na wakati wa masika huwa utelezi. Katika njia hizo pikipiki hubeba kabichi, viazi, karoti, wanafunzi, wagonjwa na barua za Serikali. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini kote. Hivyo suala la lugha ya kuitunza pikipiki si la waendesha bodaboda peke yao. Mtumishi aliyekabidhiwa chombo cha umma kwa sahihi yake ana haki ya kuelewa anachotakiwa kukifanyia.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya istilahi hapa nchini imefuata zaidi njia moja ijulikanayo: huchukuliwa uwanja fulani, huorodheshwa maneno yake ya Kiingereza kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele ya kila neno huwekwa kisawe cha Kiswahili. Kazi hiyo imezaa matunda mengi. Kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili aliyoiandaa Rajmund Ohly, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1987, na ile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, bado zina manufaa mezani kwa mfasiri. Lakini njia ya orodha ina upofu wake. Huvuta macho kwenye majina ya vitu, na pikipiki haitunzwi kwa majina. Maelekezo ni amri, na amri hujengwa kwa kitenzi.

Majina, kwa kweli, gereji imekwisha kuyamaliza. Plagi, kabureta, klachi, cheni, spoku, tairi, tyubu, beringi, bushi, shokapu, gasketi: maneno haya hayakungoja kikao. Yameingia kwa mlango wa mkopo, yakavaa irabu za Kiswahili, yakapewa ngeli, na leo mtoto wa miaka kumi pale stendi ya Lushoto anayatumia bila kukosea upatanisho. Mfasiri anayeliacha neno plagi na kuandika "kiwashio cha cheche" hamsaidii mtu yeyote. Amempa fundi kitendawili na amempa mwenye duka la vipuri sababu ya kutikisa kichwa. Tunalikubali "chujio la hewa", kwa kuwa kila nyumba inalijua chujio tangu la chai. Mahali ambapo neno la asili linajieleza lenyewe lisiachwe. Mahali ambapo linahitaji maelezo ili limfikie mtu anayekishika kitu hicho kila siku, limekwisha kushindwa.

Tulitazame kwanza neno lililo juu ya mlango, yaani jina la kazi yenyewe. Ofisini tunasema "matengenezo". Kitenzi kutengeneza kina maana pana: kuunda, kuweka sawa, na kurekebisha kilichoharibika. Lakini mtu akisema pikipiki ya ofisi "ipo matengenezo", hakuna atakayedhani kwamba ni nzima na inapakwa grisi tu. Wote wataelewa kwamba imekufa. Kwa hiyo kijitabu kinapotoa "ratiba ya matengenezo", msomaji wa Kiswahili, kwa akili yake timamu, hungoja kiharibike kitu ndipo aifungue ratiba hiyo. Na si yeye tu. Kifungu cha fedha kinachoitwa "matengenezo ya vyombo vya usafiri" huombwa baada ya uharibifu, kwa kuwa jina lake linasema hivyo.

Neno tunalolihitaji tunalo, nalo ni matunzo. Katika mambo ya familia tunalitumia bila shaka yoyote: matunzo ya mtoto hayaanzi siku anapougua. Methali yetu ya ufa na ukuta inazitenga kazi hizi mbili vizuri kuliko nyaraka zetu, kwani kuziba ni matunzo na kujenga upya ni matengenezo. Tunaonelea kwamba vijitabu, fomu za ofisi na mitalaa ya vyuo vya ufundi vitumie matunzo kwa kazi ifanywayo juu ya kitu kizima, na viliachie neno matengenezo kazi ya kitu kilichoharibika.

Kosa la pili ni neno mafuta. Kiswahili cha nyumbani kinaliita kwa jina hilo jambo lolote lenye utelezi au liwakalo: ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, ya gari. Jikoni hali hiyo haina madhara. Katika maelekezo ya pikipiki, sentensi "angalia mafuta kabla ya safari" itamfanya msomaji afungue tangi, aone petroli inang'aa, afunge na kuondoka, wakati ndani ya injini oili imekwisha. Hapa gereji imetangulia tena, nasi tunaiunga mkono: petroli ni petroli, oili ni oili, grisi ni grisi. Kirai "kumwaga oili", ambacho kwa fundi kina maana ya kazi nzima ya kuitoa ya zamani na kutia mpya, ni kizuri kwa mazungumzo. Kwa maandishi iandikwe mwaga, kisha tia, maana anayesoma peke yake hana fundi wa kumkumbusha nusu iliyobaki. Na kwa wale wenye pikipiki za zamani za mizunguko miwili, kama zile Yamaha DT ambazo baadhi ya watumishi wa wilayani walizitumia, isemwe wazi ni oili ipi, kwa kuwa moja huchanganyika na petroli ikaungua na nyingine hukaa katika gia.

Tunafika sasa kwenye dhana ambayo, kwa maoni yetu, imewashinda wafasiri kuliko zote, nayo ni ile ya kuitumia injini mpya kwa uangalifu katika kilomita zake za mwanzo. Watengenezaji wengi hutaja kilomita 500 au 1,000. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Pistoni, ringi zake na ukuta wa silinda vimetoka kiwandani vikiwa na makwaruzo madogo yasiyoonekana. Katika safari za awali vyuma hivyo husuguana na kulainishana, na unga wa chuma unaotoka huingia katika oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema kuliko zote zitakazofuata.

Kiingereza kina njia zake za kuitaja kazi hii, moja kwa kitenzi cha kukimbia na nyingine kwa kitenzi cha kuvunja. Mfasiri akifuata maneno hayo kipofukipofu atapata kuikimbiza injini au kuivunja, na yote mawili ndiyo yanayokatazwa. Wengine huandika "kulainisha injini", lakini kulainisha kumekwisha kupewa kazi ya oili na grisi, na si vema neno moja lifanye kazi mbili ndani ya ukurasa mmoja. Sisi tunapendekeza kuzoeza. Kiatu kipya huuzoea mguu. Ng'ombe huzoezwa jembe. Tena sarufi yetu inatupa hapa kitu ambacho Kiingereza hakina: ile kauli ya kutendana. Pistoni na silinda huzoeana. Katika neno hilo moja mna sayansi yote ya jambo lenyewe, kwamba si kimoja kinachobadilika bali kila kimoja kinabadilishwa na mwenzake. Basi kiitwe kipindi cha kuzoeza, na mwalimu wa ufundi akiulizwa "kuzoeza nini?", ajibu: vyuma vizoeane.

Jina pekee halitoshi. Katazo kuu la kipindi hiki hutafsiriwa kwa kawaida kuwa "usikimbie" au "usiendeshe kwa kasi". Katazo hilo linafaa katika tambarare ya Korogwe. Lushoto halifai hata kidogo. Pikipiki iliyonunuliwa Tanga au Dar es Salaam na kuletwa ikiendeshwa huyaanza maisha yake kwa kuupanda mlima wa mita elfu moja, na baada ya siku chache hupakiwa viazi. Mwendeshaji anaweza kulitii katazo hilo neno kwa neno, akapanda pole kabisa kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, huku yupo katika gia kubwa na ameivuta petroli hadi mwisho, injini ikitetemeka na kuchemka. Hajakimbia. Ameilazimisha. Madhara ya kuilazimisha injini mpya ni makubwa kuliko ya kukimbia kidogo katika tambarare. Kitenzi kilichotakiwa ni usiilazimishe, na baada yake yafuate maelezo: punguza gia mapema kabla mlima haujakushika, usivute petroli hadi mwisho, badili mwendo mara kwa mara badala ya kushikilia kasi moja, pumzika Soni injini ipoe, na mzigo mzito ungoje wiki chache. Tunajua kwamba kwa mwendesha bodaboda mwenye hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, ushauri wa mwisho ni mgumu kutekelezwa. Lakini ni afadhali aukatae akiwa ameuelewa.

Kuna neno la Kiingereza, lenye asili katika michezo, ambalo katika vijitabu hivi hutokea karibu kila ukurasa. Linatumika kwa nafasi inayotakiwa kuachwa baina ya vitu, kwa kulegea kunakokubalika, na kwa sehemu ile ya mwendo wa mkono wa klachi ambayo bado haijafanya kazi yoyote. Mfasiri aliyelikuta katika orodha na mbele yake neno "mchezo" huandika "mchezo wa klachi" na "mchezo wa cheni". Matokeo yake ni mabaya kuliko kichekesho, kwa kuwa Kiswahili kinacho tayari kitenzi kucheza kwa maana ya kiufundi, na maana hiyo ni ya ubovu. Jino likicheza litang'oka. Mguu wa meza ukicheza umeachia. Fundi akiinua gurudumu la mbele, akalitikisa na kusema "beringi zinacheza", ametoa hukumu. Mwenye pikipiki akiambiwa kwamba cheni yake inapaswa kuwa na mchezo, ataona ameambiwa kwamba inapaswa kuwa mbovu, naye ataikaza.

Kwa nafasi baina ya vitu viwili vilivyotulia, mathalan kati ya ncha za plagi au kati ya valvu na kinachoisukuma, tunalo neno mwanya, na hatudhani kwamba lipo jingine lifaalo zaidi katika lugha yetu yote. Kinywani Mswahili hutofautisha mwanya na pengo. Pengo ni pale jino lilipokuwapo likatoka, ni upungufu. Mwanya ni nafasi ya asili kati ya meno ya mbele, na wenye nao husifiwa kwa uzuri. Ndivyo hasa ilivyo kwa valvu: ile sehemu ndogo ya milimita iliyoachwa haikusahauliwa na kiwanda, imewekwa ili chuma kikipata joto na kutanuka kisiizuie valvu kufunga. Atakayeuziba mwanya huo kwa kudhani amepunguza kelele atakuwa ameichoma valvu. Wafasiri wanaotumia pengo kwa dhana hii wanawafundisha wasomaji kwamba panahitaji kuzibwa.

Kwa cheni mwanya haufai, kwa kuwa hapana vitu viwili vinavyotazamana. Kuna kitu kimoja kinachoning'inia. "Ulegevu" limetumiwa na baadhi, lakini hilo tumezoea kulisikia katika hotuba dhidi ya watumishi wazembe, na cheni haina kosa. Tunapendekeza mlegeo, kwa mfano wa mteremko na mtikisiko: jina la hali inayoweza kupimwa bila kulaumiwa. Mlegeo wa cheni ni jambo la uhai kwa pikipiki ya njia mbovu. Shokapu zake za nyuma zina mwendo mrefu. Gurudumu likipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Cheni iliyoonekana sawasawa pikipiki ikiwa imesimama tupu hukazika pindi wanapokaa abiria wawili na gunia, na ikikazika kupita kiasi hula beringi, hula sproketi, na mwisho hukatika, pengine katika kona ya Soni. Kwa sababu hiyo pikipiki za namna hii hutakiwa kuwa na mlegeo mkubwa kuliko zile za lami, na kipimo chake hutolewa na mtengenezaji kwa milimita. Amri fupi "kaza cheni" inayoandikwa katika mabango na vipeperushi imekosa kipimo na imekosa haki. Iandikwe: rekebisha mlegeo wa cheni. Mwalimu aliye kijijini bila rula anaweza pia kuyakumbuka maneno ya wazee wa kupimia, wanda na shibiri. Nyanda mbili za mkono wa mtu mzima, yaani upana wa vidole viwili, ni karibu sana na kile ambacho vijitabu vingi vya pikipiki za njia mbovu hukitaja.

Dhana ya tatu ni ya mkono wa klachi au wa breki: unauvuta, na mwanzoni hakuna kinachotokea, kisha unashika. Sehemu hiyo ya kwanza tungependa iitwe mwendo mtupu. Ni mwendo, kwa kuwa mkono umesogea. Ni mtupu, kwa kuwa haukubeba kazi. Klachi isiyo na mwendo mtupu haishiki kikamilifu, huteleza na kuungua. Yenye mwingi mno haikati vizuri, na gia huingia kwa kelele. Tukiyapanga hivyo, mwanya, mlegeo na mwendo mtupu yatakuwa mambo yanayotakiwa, na kucheza kutabaki kuwa dalili ya ubovu, kama fundi anavyokutumia. Kiswahili kitakuwa kimepambanua kwa maneno manne kile ambacho Kiingereza hukibebesha neno moja.

Neno ringi tutalipitia kwa haraka. Gereji hulitumia kwa duara la chuma la gurudumu, lile ambalo watoto hulibingirisha kwa kijiti, na pia kwa zile pete za pistoni. Mdomoni muktadha hutosheleza. Katika hati ya kuomba vipuri inayotoka kwenye kata hadi makao makuu ya wilaya hautoshelezi, na afisa aliyeandika "ringi, jozi moja" asishangae akiletewa asichokihitaji. Iandikwe kila mara ringi ya gurudumu au ringi za pistoni, na suala limekwisha.

Panda sasa juu ya Lushoto kuelekea msitu wa Magamba, ambako vilele huzidi mita 2,000. Hewa ni nyepesi zaidi. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli ileile kwa hewa pungufu, injini hukosa nguvu, na plagi ikifunguliwa hukutwa nyeusi kwa masizi. Waingereza huusema mchanganyiko huo kuwa una utajiri, na tumewahi kusoma, katika tafsiri ambayo hatutaitaja, juu ya "mchanganyiko tajiri" na wenzake "maskini". Yeyote aliyekoroga uji anajua maneno yanayofaa: mzito na mwepesi. Petroli ikizidi, mchanganyiko ni mzito. Hewa ikizidi, ni mwepesi. Hatuoni sababu ya kuingiza tabaka za kijamii ndani ya kabureta.

Chujio la hewa linastahili maneno zaidi, kwani vumbi la kiangazi la huko huua injini mpya upesi. Amri ya kawaida ni "safisha chujio". Safisha kwa namna gani? Lile la sifongo huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, huachwa likauke, kisha hutiwa oili na kuminywa ili oili ienee na ziada itoke. Ni ule unyevu wa oili unaolikamata vumbi. Mfasiri anayeandika "kamua" amekosea kwa jambo dogo lenye gharama: nguo inapokamuliwa mtoni husokotwa, na sifongo likisokotwa huchanika. Minya, usisokote. Tofauti ya vitenzi hivyo haimo katika orodha yoyote ya majina.

Vivyo hivyo kwa spoku. Gurudumu jipya la spoku hulegea katika safari zake za kwanza, na namna ya kulikagua ni ya sikio: gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia ting. Iliyolegea hujibu kwa mlio mfu. Tumesikia hoja kwamba viigizi vya sauti kama ting haviwi na heshima katika maandishi ya Serikali. Wenye hoja hiyo wakumbuke kwamba jina la chombo chenyewe, pikipiki, ni sauti yake, nalo limo katika sheria.

Juu ya vyanzo vya istilahi tuseme neno moja. Utaratibu tuliozoea hututaka tutazame kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende kwingine. Milima hii imekwisha kutoa mchango wake: neno kitivo, linalotumika leo kwa sehemu ya chuo kikuu, hutajwa kuwa limetoka katika Kishambaa na Kipare, likiwa na maana ya ardhi yenye rutuba, na hadi leo wilaya ya Lushoto ina skimu ya umwagiliaji iitwayo Kitivo. Tungefurahi kuona wanaokijua Kishambaa wakichunguza kama lugha hiyo, iliyoishi na miteremko kwa karne nyingi, haina kitenzi cha kuteremka kwa kujizuia.

Maana hapo ndipo maisha ya watu yalipo. Pikipiki ikishuka kutoka Lushoto hadi Mombo huku mwendeshaji akitegemea breki peke yake, breki hizo hupata joto na hatimaye hazishiki. Na wapo wanaozima injini au kuachia gia ili kuokoa petroli, wasiwe na kitu kingine cha kuwazuia. Vijitabu hushauri kuitumia injini kupunguza mwendo, na wafasiri huandika "breki ya injini". Aliyesoma maneno hayo atainama kuitafuta breki hiyo pembeni mwa injini, asiione, na atadhani pikipiki yake ni ya bei nafuu. Hakuna kifaa kama hicho, kuna tendo. Tunapendekeza kuzuia kwa gia, na kwa maelezo sentensi hii: shukia gia ileile ambayo ungepandia. Kauli ya kutendea imefanya kazi yote, na sentensi inaingia katika bango la barabarani pasipo kupunguzwa neno.

Limesalia neno kila. Majedwali ya matunzo hutoa vipindi kwa kilomita, na tafsiri nyingi huandika "badilisha oili baada ya kilomita 1,000". Kwa Kiswahili sanifu hiyo ni kazi ya mara moja. Kama kusudio ni kurudia, iandikwe "kila baada ya kilomita 1,000". Kama ni ile ya mwanzo tu, "baada ya kilomita 1,000 za kwanza". Na kwa kuwa waya wa mita ya mwendo ni miongoni mwa vitu vya awali kukatika katika njia za Mtae na Mlalo, jedwali liongezwe safu ya pili yenye siku au wiki, ili yule ambaye mita yake imekwama aweze kuhesabu kwa kalenda.